Kupandisha L'elisir d'amore pa Lubumbashi: korale, piano moja na chupa ya ngai-ngai

Bandugu, kila mara nikisema tulipandisha opera ya Kiitalia hapa Lubumbashi, batu banacheka kwanza kisha bananiuliza: na nani, na pesa gani? Basi naandika mara moja, nisirudilie tena. Kama uko na korale ya batu makumi mbili hivi, mupiga piano mumoja mwenye kusoma partisyo (karatasi ya noti) bila kutetemeka, na mutu mumoja mwenye kinywa ya soko, nusu ya opera uko nayo tayari. Nusu ingine ni repetisyo (mazoezi) na pesa ya transpore, na ile ya transpore njo inauaka makundi mingi kupita hata noti za juu.

Chagua opera yenye iko na kazi kwa batu bako

Bengi banakimbilia Il barbiere di Siviglia ya Rossini, juu kila mutu alishasikia ile "Figaro, Figaro" mu katuni. Mi nasema ngoja kwanza. Mu ile opera korale ni ya banaume tu, bapiga muziki na basoda, banaingia banatoka, na basolisti bote beko na noti za kukimbia sawa panya mu plafo. Sasa angalia korale ya hapa kwetu: bamama njo bengi, bamama njo banafika saa, bamama njo banalipa kotizasyo. Utabaambia nini, muikale chini muangalie babwana?

L'elisir d'amore, ni kusema Dawa ya mapendo, ya Gaetano Donizetti inafaa zaidi. Korale yake ni kijiji yote, bibi na bwana, inafungua akti ya kwanza na inafunga ya pili, na katikati iko inaona kila kitu na kusema juu ya kila kitu, sawa tu vile bajirani banafanyaka mu avenyu. Ilichezwa mara ya kwanza Milano, ku Teatro della Canobbiana, tarehe 12 Mei 1832. Maneno aliandika Felice Romani, naye hadisi aliitosha ku opera ya Kifaransa, Le philtre ya Auber, yenye ilitoka mwaka mumoja mbele pale Paris. Donizetti alikufa 1848, kwa hiyo hakuna mutu atakuya kukudai haki ya mutungaji, na partisyo ya zamani ya piano na sauti unaishusha bure ku intaneti pa IMSLP, ile maktaba ya partisyo. Lakini chukua ile ya zamani kweli, juu matoleo mapya yenye bataalamu bamesahihisha inaweza kuwa na haki yake na kodi yake.

Na kama hauna korale hata kidogo, uko tu na baimbaji babili, basi acha Donizetti, kamata La serva padrona ya Pergolesi, ya 1733. Soprano mumoja (sauti ya juu ya bibi), bas mumoja (sauti ya chini ya bwana), na mutu wa tatu mwenye hasemi neno hata moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, saa moja haiishi mumemaliza. Ile kazi ya bubu ni ya yule ndugu yenu mwenye anapendaka sene sana na Mungu hakumupa sikio. Kila korale eko naye.

Hadisi yenyewe, na sababu gani itapita hapa

Nemorino ni kijana maskini wa kijiji. Anapenda Adina, mwanamuke mwenye mashamba na mwenye kusoma vitabu. Siku moja Adina anasomea batu ya kazi hadisi ya Tristan na Isotta, vile dawa ya mapendo ilibaunganisha, anasoma akicheka, lakini Nemorino anaikamata sawa Injili. Anafika sajini Belcore, na kifua mbele, anaomba ndoa bila hata kupumua. Kisha inalia tarumbeta, anaingia munganga Dulcamara ndani ya gari yake, anauza dawa ya kila kitu. Nemorino anamuliza kama eko na ile ya Isotta. "Niko nayo!" Bei? Ni sawasawa na ile pesa yote Nemorino eko nayo mu mufuko. Anamupa chupa ya divai ya Bordeaux, anamwambia itafanya kazi kisha siku moja, juu siku moja njo ile anahitaji ili afike mbali.

Hapa siongeze kitu. Mutu wa Lubumbashi anamujua Dulcamara, alishamuona mu bisi, alishamuona pa soko ya komini Kenya, hapa kwetu, na megafoni: minyoo, mugongo, nguvu ya babwana, chupa ni ileile. Mu wimbo yake ya kuingia, "Udite, udite, o rustici", anasema anafagia hospitali kwa siku kidogo, muzee wa miaka 70 alikunywa akapata tena bajukulu kumi, panya na kunguni pia banakufa, na Ulaya yote anauza lira tisa, lakini kwa ninyi, juu yeye ni mutoto wa hapa, lira tatu tu. Siku tulitafsiri ule mustari wa "mutoto wa hapa" mu repetisyo, batenore, banaume ba sauti ya juu, balianguka chini, tukapoteza dakika kumi.

Njo maana mi nasema, musianze kwa kujifanya Baitalia. Muanze na soko yenu. Sauti itafuata.

Kuimba Kiitalia, kusema Kiswahili

Katikati ya nyimbo kuko resitativo, ni kusema kwa kuimba na kinanda kidogo chini. Kwa sikio yenye haielewi Kiitalia ni sawa kungojea mutu amalize kupiga telefone. Siye tuliitosha yote, kila sene tukaweka maneno ya Kiswahili ya hapa, mafupi. Nyimbo zikabakia Kiitalia, juu muziki ya Donizetti inakaa juu ya ile lugha sawa kofia ku kichwa, ukibadilisha maneno unaanza kukata noti na kuongeza noti na kisha hakuna tena kofia, hakuna kichwa.

Hii muji iko na bahati ku hii mambo. Kundi ya Mufwankolo ilifanya vichekesho mu Kiswahili ya Lubumbashi miaka na miaka, ku redio na ku televizyo, na habakukuwa banaandika kila neno: banapatana juu ya hadisi, kila mutu anajua anaanzia wapi na anafika wapi, katikati anajitafutia. Fanyeni vile, inakuwa hai zaidi kupita maneno ya kushika kwa kichwa. Ila kuko sheria moja, na tuliilipa: neno ya mwisho ya kila sene haibadilike, hata kama malaika ameshuka, juu mupiga piano eko anangojea ile neno ili aanze. Show ya kwanza Belcore wetu alisikia publiki inacheka, akaona utamu, akasema lile neno ya mwisho kisha akaongeza yake tatu, piano ikaondoka, yeye eko bado anaeleza, korale ikaingia juu ya kichwa chake. Batu balifikiri ni kichekesho. Siye tulijua.

Muziki yote pamoja inapita saa mbili. Tulibakisha saa moja na nusu. Ku kukata, angalia mistari yenye inarudiliwa, duo na trio zenye mwisho wake inazunguka mara tatu, hapo unaweza kupunguza bila mutu kujua. Lakini musiguse ile sene ya Giannetta na babinti mu akti ya pili. Giannetta anasikia kwa muchuuzi kwamba mujomba wa Nemorino amekufa, amemuachia mali, na Nemorino mwenyewe hajui bado. Anaambia babinti pole pole, musimwambie mutu, na wote banarudilia pole pole, musimwambie mutu. Ni redio trotwari yenyewe, ile habari ya kinywa mpaka kinywa mu barabara, mu muziki! Publiki yetu iliipiga makofi kupita wimbo yoyote ya solisti, na solisti mumoja alinuna mpaka siku ya pili.

Kinywa: hapa tuko mbele ya Bafaransa

Hii nasema bila aibu. Kiitalia iko na vokali wazi sawa Kiswahili, a e i o u, na maneno karibu yote inaisha na vokali. Mutu mwenye amekomaa na Kiswahili anafungua kinywa tu, hana kazi ya pua yenye Kifaransa ilimufundisha. Sasa herufi zenyewe: "gn" ni ny ya nyumba. "ch" ni k, lakini "c" mbele ya e ao i ni ch ya chakula, watu banageuza hii kila siku, andika ku ubao. "sc" mbele ya e ao i ni sh. "gli" ni kama li yenye ulimi umelala juu ya plafo ya kinywa. "h" haina sauti.

Mitego iko mbili. Ya kwanza ni herufi mbili pamoja: "bella" haiko "bela", lazima ukae kidogo juu ya ile l. Ya pili ni kukazia. Siye tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri, na Kiitalia mara mingi inafanya vile pia, kwa hiyo unalala, kisha linakuya neno "lagrima" na korale yote inaimba la-GRI-ma. Ni LA-grima. "Credimi" ni CRE-dimi. Muchore duara na kalamu nyekundu ku partisyo, kila moja. Na bandugu zangu benye r na l zinabadilishana mu kinywa, munajijua, muanze mapema: "caro" na "calo" si kitu kimoja.

Nani aimbe nini

Nemorino ni tenore, na usichukue yule wa sauti ya kupasua madirisha. Chukua yule batu banamuamini akisema. Kosa kubwa ya bamizansene, benye kupanga muchezo, ni kumufanya Nemorino mujinga wa kijiji, suruali fupi, mudomo wazi. Kama ni mujinga, wimbo yake "Una furtiva lagrima" itakuwa kichekesho, na ile wimbo haiko kichekesho hata kidogo, ni mahali pamoja mu usiku yote batu banapaswa kunyamaza. Nemorino ni mutu mwenye mapendo amemuzidi, ile tu. Wimbo inafika noti la ya juu, lakini hatari haiko ku ile la, iko ku mwanzo, si-bemoli minere, pole pole, peke yake, na kila mutu anasikia kama umepumua vibaya.

Adina ni soprano mwenye sauti ya kukimbia, na kichwa ya kukimbia pia. Belcore bariton, sauti ya katikati ya bwana, tafuta mutu mwenye anajipenda, hata hautamufundisha. Dulcamara ni bas, lakini hapa nitasema kitu chenye bashefu ba korale habapendi: musichukue sauti muzuri kupita zote. Muchukue mutu wa maneno. Wetu alikuwa yule papa mwenye anaongozaka ndoa na mikro, anajua kungojea batu bamalize kucheka, anajua kuangalia mama mumoja ku kiti cha mbele na kumuuzia yeye peke yake. Noti za chini tulimusaidia na piano. Kama ungemuweka bas wa kanisa mwenye sauti ya kaburi, ungepata mazishi.

Ile mbio ya maneno ya Dulcamara inafundishwa bila noti kwanza. Bakae, bapige vidole ku meza, baseme maneno ku metronome (chombo ya kupima mwendo) 60, silabi moja moja, midomo mbele, sauti kidogo. Siku haijakwaruza hata mara moja, panda mpaka 64. Kisha 68. Usiruke. Mwenye anaruka kwenda 90 siku ya kwanza anafundisha ulimi wake kukosa, na ulimi haisahau. Noti mutaongeza wiki ya tatu, na mutashangaa, noti njo rahisi.

Namna ya kufundisha korale yenye haisomi partisyo

Banyingi beko banaimba kwa sikio na hakuna ubaya ndani. Muji hii ilitoa mutungaji Joseph Kiwele na Missa Katanga, misa yake ya kuimba, tuko na mizizi mu hii mambo ya kuimba kwa sauti ine. Mupiga piano arekodi kila sauti peke yake ku telefone, mara ya kwanza pole pole na maneno ya kusema, mara ya pili na noti, mara ya tatu sauti zote pamoja na yako juu kidogo. Tuma mu grupu za watsap, grupu moja kwa kila sauti, juu ukiweka yote mu grupu moja baalto batajifunza ya basoprano, nakuambia kwa kuona. Audio fupi fupi, dakika moja, ile ya dakika sita hakuna mutu atasikiliza ndani ya bisi.

Tulifanya miezi ine, repetisyo tatu kwa wiki, mwezi wa kwanza maneno na sauti tu, wa pili muziki yote kwa kichwa. Nasema kwa kichwa, juu mutu mwenye eko na karatasi mu mukono hawezi kununua dawa kwa Dulcamara. Wa tatu na wa ine ni kutembea, kugeuka, kuanguka. Pesa ya transpore mupe mutu mwisho wa repetisyo, mukononi, haiko mwanzo. Na mikate na chai. Mumeona bwana anaacha kazi yake Katuba, anafika na njaa, mutamuambia akaze diafragme gani, ule musuli wa kupumua?

Orkesta haiko, basi fanya nini

Donizetti aliandika kwa orkesta ya kweli: filimbi, oboe, klarineti, basoni, pembe, tarumbeta, tromboni tatu, timbali, harpa na nyuzi. Kinshasa beko na Orchestre Symphonique Kimbanguiste tangu 1994, siye hapa tulikuwa na piano moja ya wima, na fundi wa kuikaza sauti alikuya mara mbili: wiki moja mbele, na asubuhi ya show. Hii ya pili watu banaiacha juu ya pesa. Musiiache. Piano yenye ilibebwa na kamyoneti ku barabara zetu haifike vile iliondoka.

Bintu bitatu vinapaswa kuwa vya kweli, haviko vya klavye ya umeme. Tarumbeta ya kuingia kwa Dulcamara, unaipata ku fanfare yoyote ya kanisa, na apige akitoka nje ya sale, nyuma ya publiki, kila mutu ageuke. Ngoma ya basoda ba Belcore. Na ile wimbo ya basoni yenye inafungua "Una furtiva lagrima". Basoni hatukupata, tulipata kijana wa saxo tenore. Ukifanya vile, kumbuka saxo tenore inalia chini ya vile imeandikwa, oktave moja na tone moja, kwa hiyo andika partisyo yake oktave moja na tone moja juu ya ile ya basoni. Na umulombe apige sawa mutu anaongea na mugonjwa, haiko sawa mu bar. Harpa ya chini yake klavye inaweza, hapo tu niliikubali.

Sale, mwezi, na kuran ya umeme

Usipange show mu mvua. Kutoka Novemba mpaka Aprili, plafo ya mabati na mvua ya Lubumbashi zitaimba kupita korale yako. Juni na Julai ni muzuri, kavu, ila asubuhi na usiku kuko baridi na kuko vumbi, basolisti bafunike koo, banywe maji moto, basisafiri nyuma ya pikipiki kabla ya kuimba. Epuka pia wiki za karibu na Pasaka na Noeli, juu korale yako yote iko kwa mapadri na mapasta.

Ku sale, kuko Halle de l'Étoile, kuko Bâtiment ya 30 Juin yenye ilijengwa sawa teatre mu miaka ya 1950, kuko sale za paroasi na za masomo. Kabla haujapenda sale simama mwisho kabisa, mutu apige makofi mara moja pa sene. Kama unasikia makofi mbili, maneno ya Dulcamara yatakuwa supu. Bawekee publiki vitenge vya kutundika ku ukuta wa nyuma, inasaidia kweli. Papia za komini na za divisyo ya kultire anza nazo miezi miwili mbele, ulize kwa mudomo ni nini inalipwa, lomba risiti.

Kuran itakatika. Haiko "kama", ni "saa ngapi". Kwa hiyo fanya repetisyo ya giza: mu mazoezi, bila kusema mbele, zima taa katikati ya korale. Sheria yetu ilikuwa moja, yenye anaimba anaendelea, yenye haimbi anawasha taa ya telefone na kuangazia yenye anaimba. Piano haina haja ya kuran, njo sababu ingine ya kukataa klavye. Show ya pili ilikatika kweli, mu barkarola, wimbo ya bapiga kasia, ya Adina na Dulcamara ku karamu ya ndoa, batu bote mu sale bakawasha telefone zao bila kuambiwa. Kisha ile hakuna hata mutu alilomba tuwashe jenereta. Ilikuwa muzuri kupita taa tulilipia.

Kama muko na projektere, tafsiri ya nyimbo iwe mistari miwili, haipite, na muhusika wa kubonyeza aikale na mutu wa kusoma partisyo. Mustari wa kuchekesha uonekane pamoja na neno, haiko mbele. Ukitangulia, publiki inacheka, na mwimbaji hajasema kitu, anaanza kujiangalia kama zipu imefunguka.

Nguo na chupa

Romani aliandika kwamba ni kijiji ku inchi ya Babaske, siye tukaweka kijiji tu, bitenge, bibuyu, bitunga. Gari ya zahabu ya Dulcamara ikakuwa pusu-pusu (mukokoteni) ya rangi nyekundu na manjano, na megafoni yenye haina batri, na chupa makumi tano. Hapa kuko neno ya kweli ya hatari: basoda ba Belcore basivae tenue ya jeshi ya inchi, hata suruali, hata kofia, hata "ni teatre tu". Njia ya kwenda sale iko na batu benye habatangojea maelezo. Tulishona vazi ya bluu na vifungo vikubwa vya shaba, sawa ya karne ingine, na tuliibeba mu saki, kuvaa ni ndani.

Chupa yenyewe Nemorino anainywa kweli pa sene, na kisha anaimba ameleweshwa kidogo, la-la-la, hataki hata kumuangalia Adina. Kwa hiyo muwekee nini ndani? Tulianza na soda ya gazi, tenore akapiga mbweu ku noti ndefu, na haikuwa mu partisyo. Divai ya kweli hapana, mu akti ya pili ananunua chupa ingine: anajiandikisha mu jeshi ya Belcore kwa skudi 20, pesa ya zamani, juu ya ile chupa tu, na utakuwa na Nemorino mwenye anaenda jeshi kweli. Maziwa inajaza koo. Mwisho tulifika ku ngai-ngai, ile majani nyekundu ya kuchemusha, baridi, sukari kidogo sana, rangi sawa Bordeaux kutoka kiti cha mbele mpaka cha mwisho, na koo inabakia safi. Chemusha siku ileile, siku ya pili inaanza kuchacha, hapo unakuwa kweli na dawa.

Ku mwisho Dulcamara anapanda gari yake, kijiji yote imeamini dawa, Nemorino na Adina beko pamoja, na yeye anaondoka na utukufu akiuza mpaka nukta ya mwisho. Tulimufanya ashuke mu publiki na pusu-pusu, apite mu njia ya katikati, agawe chupa ndogo ndogo za ngai-ngai akiimba, atoke na mulango yenye watu balingilia. Chupa makumi tano ziliisha kabla hajafika katikati.

Kisha, tunafunga nyaya, mama mumoja alikuya nyuma ya rido, akanivuta kando. "Mwanangu, ile dawa imebakia?" Nikamwambia, mama, ni ngai-ngai tu, tulichemusha asubuhi. Akaniangalia. "Najua ni ngai-ngai. Bei gani?"